Kulinda Gari na Chumvi, Jua na Mafuriko Malindi: Anza Uvunguni

Maswali ni yale yale. "Nimehamia Malindi kutoka bara, mbona gari limeanza kutoa kutu na mwaka haujaisha?" "Nikilifunika turubai itasaidia?" "Gari limezama usiku, nijaribu kuliwasha?" Nimeyajibu kibarazani, gereji na kwenye simu, na sasa nayaandika yote mahali pamoja ili mgeni wa gari pwani apate pa kuanzia.

Gari langu la kwanza nililinunua nikiishi upande wa Casuarina, karibu na bahari. Kila Jumamosi nililiosha likang'aa. Mwaka wa tatu, nikikaribia Gede, pedali ya breki ilizama hadi sakafuni. Nilisimama kwa gea na breki ya mkono, moyo ukinidunda. Fundi aliingia uvunguni akatoka na kipande cha paipu ya breki kilichomkatikia mkononi kama kijiti kikavu. Kisha akachukua bisibisi akaichomeka kwenye chesisi, ikazama kama kisu kwenye muhogo wa kuchemsha. "Bwana wewe," akaniambia, "unaosha kofia, viatu vinaoza." Maneno hayo ndiyo mwongozo huu wote. Gari la pwani huliwa kutoka chini, na wengi wetu tunaosha juu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Maji matamu. Hili ndilo la kwanza, na nitalieleza katika hatua ya 2.
- Mpira wa maji wa kutosha kufika pande zote za gari, na kichwa cha kunyunyizia. Mashine ya presha ni nzuri ukiipata, lakini si lazima.
- Ndoo mbili, sponji laini, sabuni ya gari na vitambaa vikavu.
- Jeki na stendi mbili imara za kulishikilia gari. Usiingie uvunguni gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki huteleza.
- Brashi ya waya, msasa wa namba 120 na 320, praima ya zinki na kopo dogo la rangi ya gari lako.
- Grisi, magadi kidogo, na spana namba 10 kwa ajili ya betri.
- Njiti chache za ufagio wa chelewa. Utaona kazi yake.
- Tochi.

Hatua ya 1: Pima chumvi inayokufikia

Liegeshe gari usiku kucha mahali pake pa kawaida. Asubuhi, kabla ya kuligusa, pitisha kidole kwenye kioo cha mbele kisha ukiguse kwa ncha ya ulimi. Anayeishi Silversands, Mayungu au Ngomeni atapata ladha ya chumvi papo hapo, hasa majira ya kusi, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, wakati bahari inachafuka na upepo unabeba matone ya mawimbi hadi ndani ya mji. Anayeishi Ganda au Kakuyuni huenda asipate kitu.

Kipimo hiki ndicho kitakachokuambia uoshe mara ngapi. Ukipata chumvi kidoleni, osha uvungu kila wiki. Usipoipata, kila wiki tatu inatosha. Ukiwa umeshusha gari kwenye mchanga wa ufukweni, au umetoka Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, osha siku hiyo hiyo kabla hujalala.

Hatua ya 2: Osha uvungu kwa maji matamu

Visima vingi vya karibu na bahari hapa kwetu vina maji ya chumvi. Ukiosha gari kwa maji hayo, unalipaka tena kile ulichokuwa unakiondoa. Yaonje. Au angalia sabuni: ikikataa kutoa povu, hayo si maji ya kuoshea gari. Tumia maji ya mfereji yanayotoka kituo cha maji cha Baricho, au ya mvua uliyoyakinga. Kama huna budi kutumia ya kisima, tumia kuondoa matope tu, kisha maliza kwa ndoo mbili tatu za maji matamu.

Sasa kazi yenyewe:

a) Acha injini, breki na sailensa zipoe, angalau nusu saa. Maji baridi kwenye disiki ya breki yenye moto yanaweza kuipinda.

b) Anza na matao ya magurudumu. Geuza usukani hadi mwisho upande mmoja, nyunyiza ndani ya tao, kisha ugeuze upande wa pili. Nyuma ya madigadi kuna ukingo ambapo mchanga hujipanga kama biskuti. Utie vidole uutoe. Mchanga huo unakaa na unyevu wiki nzima, na hapo ndipo kutu ya kwanza huzaliwa.

c) Pitisha maji kwenye chesisi kutoka mbele kwenda nyuma, polepole. Elekeza mpira ndani ya kila tundu la chesisi mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Ukiona yanatoka mekundu yakiwa na vipande vya chuma, usifunge macho: mwite fundi aichomechome chesisi kwa bisibisi.

d) Nyunyiza paipu za breki, springi, difu na juu ya tangi la mafuta, mahali mchanga unapotua bila kuonekana.

e) Rejeta na kondensa ya AC (ile inayopoza gesi ya AC, mbele ya rejeta) zioshe kwa maji ya mpira ya kawaida tu, kutoka upande wa injini kwenda nje kama nafasi ipo. Mashine ya presha hulaza mapezi yake, na ya gari lililokaa pwani miaka mingi yanasagika kwa kidole.

f) Ukimaliza, endesha gari kilomita mbili tatu ukigusa breki mara kwa mara, zikauke. Kuliegesha likiwa linadondoka maji ni nusu ya kazi.

Ukilipeleka kwa vijana wa kuosha magari, waambie wazi: "Nataka chini." Lipa ile nyongeza. Na uchungulie mwenyewe, kwa sababu mara nyingi watamwagia maji pembeni tu.

Hatua ya 3: Zibua matundu ya maji

Chini ya kila mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji ya mvua yanayopenya kwenye kioo. Vumbi na chumvi vikiyaziba, mlango hugeuka mtungi na kuoza kwa ndani. Ukiona rangi imevimba nje, ndani kumekwisha. Fungua mlango, pitisha njiti ya chelewa katika kila tundu, izungushe taratibu. Njiti hii ni bora kuliko waya kwa sababu haikwaruzi rangi.

Fanya vivyo hivyo kwenye mfereji ulio chini ya wipa. Kama unaegesha chini ya mivinje, fungua boneti uangalie: majani yake membamba hupenya kwenye wavu na kujikunja kama kiota cha ndege. Mvua kubwa ikija, maji yanakosa njia na kuingia miguuni mwa abiria. Nimeshaona mtu akibadilisha mpira wa kioo kizima kwa tatizo ambalo lilikuwa konzi moja ya majani ya mvinje.

Hatua ya 4: Tibu kutu ikiwa changa

Kutu ya ukubwa wa punje ya mtama ni kazi yako. Kutu ya ukubwa wa kiganja ni ya fundi. Chagua siku kavu, asubuhi umande ukishakauka.

Kwangua kwa brashi ya waya, kisha msasa wa 120 mpaka uone chuma kinachong'aa pande zote, ukiingia kidogo kwenye rangi nzima. Lainisha kwa 320. Osha kwa maji matamu, kausha kabisa, paka praima ya zinki mara mbili, iache ikauke, kisha rangi. Kosa kubwa ni kupaka rangi juu ya kutu ili isionekane. Inaendelea kula humo ndani, na safari hii huioni.

Kuhusu ile rangi nyeusi nzito ya chini inayofanana na lami: ni nzuri kwa gari lenye chini safi na kavu. Ikipakwa juu ya chumvi na kutu inazifungia humo. Kabla ya kuipaka, osha mara mbili, acha gari likauke juani siku nzima, kwangua, paka praima. Baada ya hapo kagua kila mwaka kabla ya masika. Inapopasuka, maji huingia nyuma yake na kukaa.

Watu hupaka pia oili chafu. Siipendi. Inalainisha na kuharibu mipira ya bushi, inakamata mchanga, inadondokea ardhini, na ikifika kwenye disiki za breki ni hatari ya maisha. Wanaotaka mafuta watumie nta ya kuzuia kutu inayopulizwa ndani ya chesisi na milango, wakikwepa breki na sailensa.

Hatua ya 5: Betri, waya na maji ya rejeta

Hewa ya chumvi huota ukungu mweupe au wa kijani kwenye terminali za betri. Zima gari. Fungua hasi kwanza, ndipo chanya. Changanya kijiko cha magadi na kikombe cha maji ya moto, mwagia kwenye terminali, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Kisha paka grisi juu. Fanya hivi kila miezi mitatu. Fuata pia waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi. Kutu ya hapo huleta taa hafifu na stata nzito, na watu huishia kununua betri mpya bila sababu.

Rejeta isitiwe maji ya kisima. Tafadhali. Weka kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, na ukikwama njiani tumia maji ya kunywa ya chupa mpaka ufike kwa fundi. Chumvi ndani ya injini hula pampu na rejeta kwa ndani, huku kwa nje kila kitu kikionekana salama.

Hatua ya 6: Jua

Hapa ni pafupi. Kinga ya kioo cha mbele, hata ya kipande cha mkeka, huokoa dashibodi isipasuke. Nta ya gari kila baada ya miezi miwili hadi mitatu hukinga rangi. Usitumie sabuni ya unga ya nguo, maana inaondoa nta yote. Na usipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu: mchanga wetu ni msasa. Mwaga maji kwanza.

Kinyesi cha kunguru ndicho watu wanachokidharau. Malindi tuna kunguru wengi, na kinyesi chao kikikaukia kwenye boneti ya moto saa sita mchana, jioni utakuta alama isiyotoka. Lowesha kitambaa, kilaze juu yake dakika tano, kisha uinue bila kusugua.

Hatua ya 7: Mahali pa kuegesha

Banda la makuti lililo wazi pande mbili ndilo bora kuliko vyote. Linazuia jua na kupitisha hewa. Liwe nyuma ya nyumba au ukuta, upande usiotazama bahari. Turubai la nailoni lililolazwa juu ya gari hufungia jasho na chumvi, na upepo ukilitikisa linasugua rangi usiku kucha. Ukilazimika kufunika, tumia kitambaa kinachopumua, na gari liwe limeoshwa na kukauka.

Chini ya mnazi sitasema mengi. Nazi moja ni kioo kimoja.

Wanaoegesha kando ya ufuo waangalie mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani bahari kujaa kuliko kawaida, na bamvua ikikutana na kusi kali, maji hufika mahali ambapo jana yake palikuwa pakavu. Waulize wavuvi wa hapo kabla ya kuliacha gari; wanajua saa ya maji kujaa kuliko mtu yeyote.

Hatua ya 8: Mvua na maji barabarani

Kabla ya masika ya Aprili hadi Juni, na tena kabla ya vuli ya Oktoba, badilisha mipira ya wipa, angalia kashata za tairi ziwe na kina cha milimita 3 au zaidi, na jaribu taa zote. Mipira ya wipa hapa hukaushwa na jua, na siku ya mvua ya kwanza inapiga kelele tu bila kufuta.

Mto Sabaki hauhitaji mvua ya Malindi ili ujae. Maji yake yanatoka mbali, kupitia Athi na Galana, kwa hiyo mvua ikinyesha Nairobi na Ukambani, mto unaweza kufurika siku chache baadaye huku kwetu kukiwa na jua. Usiache gari kwenye kingo zake kwa kuwa mbingu ni safi. Na safari ya Lamu katika majira haya ianze kwa kuulizia: mwisho wa 2023 barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatwa na maji eneo la Lango la Simba, na magari yakakwama. Wapigie simu madereva wa mabasi waliotoka huko siku hiyo.

Ukikuta maji yamekatiza barabara:

a) Simama. Usifuate lori, lori lina kimo kingine.

b) Maji yanayokwenda kasi usiyaingie. Sentimita 30 zinaweza kuelesha gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi, hata makubwa.

c) Maji yaliyotulia, ambayo kina chake umekiona kwa mtu aliyevuka kwa miguu na hayakufika nusu ya gurudumu, pita kwa gea ya kwanza, mwendo mmoja, bila kusimama wala kubadilisha gea.

d) Gari likizima ndani ya maji, liache lizime. Usipige stata. Injini iliyonywa maji, pistoni inapanda na kukutana na maji badala ya hewa. Hewa hubanwa, maji hayabanwi, basi kinachopinda ni konrodi, chuma kinachoishika pistoni. Gari ambalo lingetengenezwa kwa kubadilisha oili na kukaushwa linageuka la kununuliwa injini.

Ukisafiri na gari likabaki

Wengi wanauliza hili kwa sababu nyumba nyingi za hapa hufungwa miezi kadhaa. Osha juu na chini, kausha, jaza tangi la mafuta, ongeza upepo wa tairi kidogo, fungua hasi ya betri. Breki ya mkono usiivute. Itie gea na uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu, la sivyo utarudi ukute pedi zimeshikana na disiki. Toa makombo yote ya chakula, maana panya hupenda nyaya. Na kama unamwamini jirani na funguo, mwombe kila wiki mbili airudishe hasi, aliwashe na kulisogeza, kisha aifungue tena.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Breki zinakwaruza asubuhi, disiki ni nyekundu.* Ni kutu ya juu ya usiku mmoja. Endesha polepole, gusa breki mara kadhaa, itatoka. Kelele ikibaki baada ya kilomita moja, nenda kwa fundi.

*Gari limekaa mwezi na halisogei.* Pedi au viatu vya breki vimeshikana. Usilazimishe kwa kukanyaga mafuta sana. Tia gea ya kwanza kisha ya nyuma kwa upole. Likikataa, vua gurudumu ugonge ngoma taratibu kwa nyundo ya mpira.

*AC haipozi tena.* Kondensa huenda imetobolewa na chumvi. Kujaza gesi kila mwezi ni kutupa fedha. Ipimwe uvujaji kwanza.

*Ndani kunanuka uvundo, zulia limelowa.* Rudi hatua ya 3. Zibua, kisha inua zulia na sifongo iliyo chini yake uianike juani. Kukausha juu tu hakusaidii, sakafu itaoza chini yake.

*Gari lilizama, sasa limetolewa.* Fungua hasi ya betri. Vuta kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Angalia chujio la hewa. Likiwa limelowa, plagi zitolewe kwanza kabla ya mtu yeyote kuzungusha injini. Oili ya injini, ya gea boksi na ya difu zote zibadilishwe. Viti na zulia vitoke nje. Kama yalikuwa maji ya bahari, suuza kila kitu kwa maji matamu siku hiyo hiyo, hata kama tayari limelowa na linaonekana halina pa kusuuzwa. Chumvi ikikaukia kwenye soketi za nyaya, taa na vifaa vitaanza kufa kimoja kimoja wiki zinazofuata. Fungua soketi moja moja, suuza, puliza hewa, anika. Ni kazi ya siku mbili kwa watu wawili, na fundi wa umeme awepo kabla betri haijarudishwa.